Paa Lenye Kipara

Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu, Mzee Onni hugonga sakafu yake mara mbili kwa mkongojo. Maana yake: bado niko hai.

Mimi huku chini huinua ufagio na kugonga dari mara mbili kwa mpini. Maana yake: nimesikia, kahawa iko tayari.

Ndivyo tunavyosalimiana tangu bibi yangu alipofariki. Hakuna anayelazimika kusema neno, na kwa mtu kama mimi hiyo ni neema kubwa.

Alhamisi ile aligonga. Nikagonga. Nikaweka ufagio pembeni, nikakaa dirishani na kikombe changu.

Tii!

Tone la maji likaanguka ndani ya kahawa.

Kwanza nilidhani nimelia bila kujua. Isingekuwa ajabu, machozi yangu hayana desturi ya kubisha hodi. Nikajipapasa mashavu. Makavu.

Tii!

Nikainua macho. Juu ya fremu ya dirisha rangi ilikuwa imevimba kama andazi, na kwenye ncha ya uvimbe ule tone la tatu lilikuwa linajiandaa kuja kunywa kahawa na mimi.

Nikasema neno ambalo marehemu bibi hakunifundisha.

Wewe unayenisoma leo kwa mara ya kwanza, jina langu ni Saima Haapala. Nina miaka ishirini na sita, nafanya kazi maktaba hapa Hancock, mji mdogo wa theluji karibu na Ziwa Superior, na ni mwenye nyumba nisiyejua kuwa mwenye nyumba. Bibi alipofariki mwezi wa nane alituachia mimi na dada yangu Senja nyumba hii ya mbao. Chini naishi mimi. Juu, katika chumba tulicholala mimi na Senja utotoni, amepanga Mzee Onni Tuomela, mgane wa miaka themanini na moja.

Walionifuata tangu mwanzo wanajua jinsi mashine ya kupasha joto ilivyokufa siku ya Krismasi, na jinsi wiki iliyopita mkuki wa barafu ulivyoporomoka kutoka ukingo wa paa ukatoboa boneti ya gari la mchungaji, mchungaji mwenyewe akiwa mlangoni ananiuliza kama siku hizi nasali.

Hayo yote madogo. Kubwa ni makubaliano.

Mwezi wa kumi Senja alinipigia simu kutoka Detroit.

"Nyumba ya miaka mia na kumi, Saima. Itakumaliza. Tuuze. Au wewe unasemaje?"

"Sawa," nikasema.

"Au tungoje baridi hii ipite. Maji yakiingia ndani hata tone moja kabla theluji haijaisha, tunauza. Au wewe unasemaje?"

"Sawa tu."

Sasa naungama. Sikumaanisha sawa. Sikumaanisha hata kidogo. Nyumba ikiuzwa, Mzee Onni atachukuliwa na mwanawe apelekwe Arizona, na asubuhi hapatakuwa na wa kunigongea. Lakini neno "hapana" kwangu ni kama mwiba wa samaki: hukwama kooni, halitoki wala halishuki.

Na Senja alikuwa anakuja Jumamosi, kwa sikukuu ya Heikki, siku ambayo wazee wetu husema dubu aliyelala hujigeuza ubavu wa pili na majira ya baridi huvunjika mgongo.

Siku mbili tu. Na tone la nne likaanguka.

Nikapanda ngazi mbio. Nikabisha.

"Mzee! Huko kwako kuna maji?"

"Maji gani?"

"Ya kuvuja."

Nikasikia kitu kama beseni kikisukumwa kwa mguu.

"Hakuna maji," akajibu nyuma ya mlango. "Kuna ukavu wa kutisha. Midomo imenipasuka."

"Niingie nitazame?"

"Nimevaa nguo za ndani."

"Sawa," nikasema. Mnaniona nilivyo.

Baada ya dakika kumi alishuka, mashavu mekundu kama nyanya, akanywa vikombe viwili na kula vipande vitatu vya nisu, mkate wetu wa iliki. Kisha tukatoka uani kutazama.

Barafu ilikuwa imejenga ukuta kwenye ukingo wote wa paa, ukuta wa kimo cha goti. Nyuma yake maji yalikuwa yamekusanyika, na kwa kuwa hayakuwa na pa kushukia, yalikuwa yanajipenyeza chini ya vigae na kuingia ukutani mwangu.

"Stokingi," akasema Mzee Onni.

"Nini?"

"Bibi yako alitumia stokingi mwaka wa sabini na tisa. Unazijaza chumvi, unazilaza juu ya barafu, zinachimba mfereji, maji yanapita. Kwisha kazi."

"Stokingi zipi?"

"Binti, unaniuliza mimi, mwanamume mtu mzima, habari za stokingi za bibi yako?"

Nikaenda kuzitafuta mwenyewe. Zilikuwa kwenye droo ya chini ya kabati lake, jozi sita, nene, rangi ya kahawia, bado zina harufu ya sabuni yake. Nililia kidogo. Kisha nikashuka ghala la chini ya nyumba, nikafungua pipa la chumvi ambayo bibi alikuwa anatilia samaki, nikaanza kujaza.

Sikujua kuwa stokingi ikijaa chumvi huota goti. Na kisigino. Na msuli wa nyuma ya mguu, mzuri kuliko wangu.

Naogopa ngazi kuliko ninavyoogopa watu, kwa hiyo nilipanda vidaraja vinne tu, nikafumba macho, nikawa narusha. Mguu mmoja mmoja. Sita zilitua vizuri juu ya barafu. Sita zilining'inia ukingoni, nyayo zikielekea barabarani.

Nusu saa haikupita, gari la zimamoto likasimama mbele ya nyumba.

"Nani ameanguka?" mkuu wao akauliza huku akikimbia.

"Hakuna aliyeanguka," nikasema.

"Tumepigiwa simu. Mama mmoja amepita hapa akaona wanawake wamelala juu ya paa lako, miguu nje."

"Ni chumvi."

"Wanawake?"

"Stokingi. Ndani kuna chumvi. Ni… ni za bibi."

Aliinua macho. Akatazama muda mrefu. Akavua kofia.

"Yule wa tatu kutoka kushoto," akasema, "kama nilisoma naye."

Wakacheka wote mpaka wakashikana mabega. Mimi niliona haya hadi nikatamani theluji inifunike. Lakini niliwapa nisu, wakaondoka wakiwa wameshika kofia kifuani, wakiaga miguu kwa heshima.

Kufika jioni, miguu yote kumi na miwili ilikuwa imeganda kama mawe. Chumvi ya samaki haiwezi kushindana na baridi ya Januari. Ndani, matone yalikuwa yamekuwa sehemu tatu.

Ijumaa asubuhi honi ikalia nje. Gari la mizigo, mashine ya mvuke ya kuyeyusha barafu nyuma, na kwenye usukani mwanamke wa miaka sitini na kitu mwenye kofia ya manyoya. Bi Lempi Raisanen. Mji mzima unamjua. Amefanya kazi ya mapaa miaka thelathini, na inasemekana hakuna siri ya Hancock asiyoiona kutokea juu.

"Wewe ndiye mwenye miguu?" akauliza.

"Ndiyo, Bi Lempi."

"Nimesikia kwa zimamoto. Nimecheka mpaka nimewaacha wateja wawili. Niambie hukupanda na shoka."

"Sikupanda."

"Afadhali. Mwaka jana jamaa mmoja wa bondeni alipiga barafu kwa shoka, akapiga, akapiga, mpaka akajikuta anatazamana na mkewe jikoni."

Kabla sijacheka vizuri akanishika bega, akanivusha barabara, akanigeuza.

"Tazama. Paa la jirani yako?"

"Nyeupe."

"Lile la pili?"

"Nyeupe pia."

"La kwako?"

Nikatazama. Karibu na bomba la moshi, katikati ya weupe wote ule, palikuwa na doa jeusi lenye ukubwa wa kitanda. Vigae vitupu, vinameta kwa maji.

"Lina kipara," nikasema.

"Lina kipara. Sikiliza, binti. Theluji haina kosa. Mwenye kosa ni joto linalotoka ndani. Linayeyusha theluji pale juu, maji yanateremka mpaka ukingoni kwenye ubaridi, yanaganda. Kila siku ukuta unapanda. Unaweza kulaza pale miguu ya wanawake wa wilaya nzima, kama kuna jiko linawaka chini yake, unatwanga maji kwenye kinu. Nani anaishi darini?"

"Hakuna mtu. Kuna masanduku ya bibi tu."

"Basi masanduku hayo yana homa."

Tukaingia ndani. Tulipofika ngazi ya kuelekea darini tulimkuta Mzee Onni amesimama katikati, mikono ameinyoosha pande zote mbili.

"Msipande. Kuna popo."

"Januari?" Bi Lempi akauliza. "Popo sasa hivi wamelala."

"Ndiyo maana. Tusiwaamshe."

Bi Lempi akanigeukia. "Mwenye nyumba, unasemaje?"

Mzee Onni alinitazama kwa macho yale yale anayonitazamia akitaka kipande cha nne cha nisu.

"Sawa," nikasema. "Tusiwaamshe."

"Mungu wangu. Hivi hapa mpangaji ni nani?" Bi Lempi akatoka akinung'unika. "Nitaondoa barafu yako leo, na wiki ijayo utaniita tena. Mimi napata riziki, wewe utapata kuogelea."

Hapo nilipaswa kusema kitu. Sikusema. Nilirudi jikoni kubadilisha sufuria za matone, na nilikuwa bado nimepiga magoti pale dirishani mlango wa mbele ulipofunguliwa bila hodi.

"Saima! Kwa nini kuna miguu ya bibi juu ya paa?"

Dada yangu Senja. Siku moja kabla ya wakati.

Nikarusha taulo juu ya sufuria na kusimama mbele yake.

"Dada! Karibu! Si ulisema Jumamosi?"

"Barabara ilikuwa nzuri." Senja ana miaka thelathini na minne, mrefu, hutembea kana kwamba kila chumba kimechelewa kumpokea. Hakuvua hata glavu. "Kuna maji yameingia?"

"Umekula?"

"Saima."

"Nina nisu ya jana, lakini bado laini…"

"Saima, nimekuuliza."

Tii! likasema tone, ndani ya sufuria, chini ya taulo.

"Kuna… unyevu," nikasema.

Senja akainua taulo. Akatazama sufuria, akatazama dirisha, akanitazama mimi. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alionekana kama mtu aliyefikishiwa barua ambayo hakutaka kuipokea.

Hapo ndipo Bi Lempi alipoanza kupiga kelele nje.

"Zimeni hiyo mashine! Nyie wa ndani! Zimeni!"

Tukatoka mbio. Alikuwa juu ya ngazi yake, amekumbatia ukingo wa paa.

"Mashine ipi?" nikauliza. "Si yako?"

"Yangu haijawashwa! Sasa huu mvuke unatoka wapi?"

Kwenye tundu la hewa la darini, wingu jeupe lilikuwa linapumua. Puu… puu… kama ng'ombe asubuhi.

"Moto!" Senja akalia. "Saima, nyumba inaungua!"

Sikumbuki tulivyopanda. Namkumbuka Senja mbele, mimi katikati, Bi Lempi nyuma na chombo cha kuzimia moto alichokitoa garini. Senja akaupiga mlango wa darini kwa bega. Mlango ukafunguka.

Mzee Onni alikuwa ameketi juu ya benchi la mbao mpya, amejifunga taulo kiunoni, jasho linamtiririka, kata mkononi. Mbele yake palikuwa na jiko dogo la umeme lililojaa mawe. Na kando ya ukuta, chini ya boriti zilizolowa, mabeseni saba yamepangwa kwa mstari, kila moja linapokea matone yake.

"Mlango!" akapaza sauti. "Mlango! Mnatoa mvuke!"

Na sisi, Mungu atusamehe, tukaufunga.

Tukiwa ndani.

Sina maelezo mengine. Sisi watu wa huku hata tukikimbilia nyumba inayoungua, tukiambiwa ni sauna, chumba chetu cha kuogea mvuke, kwanza tutafunga mlango.

Basi tukasimama pale, wanawake watatu, na makoti na viatu vya theluji, mvuke unatupanda mpaka kope. Senja alikuwa ametoa macho kwa hasira. Lakini bibi alitulea kwa kanuni moja: saunani ni kama kanisani. Hapagombwi. Hapainuliwi sauti.

"Mzee Onni," Senja akanong'ona, meno yamebana. "Hii ni nini?"

"Ni sauna, binti," Mzee akanong'ona.

"Naona ni sauna. Inafanya nini darini?"

"Inapasha joto."

Bi Lempi alikuwa ameshafungua vifungo vya koti. "Nyuzi ngapi?" akanong'ona.

"Mia na themanini, za Fahrenheit."

"Si mbaya." Kisha akafuata waya mnene mpaka ukutani, akazima swichi, na sauti yake ilibadilika ingawa hakuipandisha. "Boriti za miaka mia, mzee wangu. Pasipovuja ni kavu kama kiberiti. Ungetuzika na nyumba."

"Nililowanisha kuta kila siku," Mzee Onni akajitetea. "Maji si ninayo." Kama kuthibitisha, akachota kata moja kutoka beseni la karibu na kumwaga juu ya mawe. Psssss! "Maji ya theluji. Laini. Yanakuja yenyewe."

Bi Lempi akayatazama mabeseni, akalitazama jiko, akaitazama dari.

"Anayeyusha paa," akaniambia polepole, "paa linavujia beseni, beseni linamwagwa juu ya jiko, mvuke unayeyusha paa. Miaka thelathini nafanya kazi hii. Sijaona mtu aliyejitengenezea mto wa kuzunguka."

Nikaanza kucheka. Sikutaka. Nilibana pua, nikaziba mdomo kwa glavu, lakini kicheko kilitoka masikioni. Mzee Onni naye akatabasamu. Kisha tabasamu likamponyoka, akaiweka kata chini.

"Sauna ya bibi yenu kule uani ni hatua arobaini," akanong'ona. "Nimezihesabu. Mwezi wa kumi na mbili nilianguka mara mbili. Mara ya pili nililala pale robo saa nikitazama mawingu, nikisema, Onni, inuka, Saima atakuona."

"Ningekuinua!" nikasema. "Mbona hukuniambia?"

"Ningesemaje? Mtu akishatamka kwamba hafiki saunani, kesho yake wanampigia simu mwanawe."

"Arizona kuna joto," Senja akasema, na sauti yake ilikuwa imelegea kidogo.

"Joto lisilo na mvuke, mwanangu. Nilifanyie nini?"

Mawe yalikuwa yanatoa sauti ndogo ndogo yakipoa. Tungeweza kutoka, lakini si adabu kuuacha mvuke uliokwisha kutengenezwa, kwa hiyo Bi Lempi akakaa, na mimi nikakaa, makoti magotini.

Senja hakukaa.

"Pole, Mzee Onni. Kweli nakupa pole." Alikuwa anatazama mabeseni, hakunitazama mimi. "Lakini maji yameingia, Saima. Si tone moja. Mabeseni saba na sufuria. Tulikubaliana. Basi tuuze. Au wewe unasemaje?"

Mzee Onni akainamisha kichwa, akawa anatazama vidole vya miguu yake.

Bi Lempi akanitazama mimi.

Niliisikia "sawa" ikipanda. Naijua njia yake. Imepita humo miaka ishirini na sita, imelainisha kila kona. Ilifika kooni. Ilifika kwenye ulimi. Na pale ikakutana na mwiba wangu wa siku zote, na safari hii mwiba ndio uliotoka.

"HAPANA!"

Ndani ya sauna. Kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Beseni la tatu likatikisika.

"Sitaki kuuza! Sikutaka mwezi wa kumi, sikutaka Krismasi, na leo sitaki! Hili jiko linatoka leo hii. Bi Lempi ataondoa barafu, na hii dari tutaijaza pamba ya kuzuia joto mpaka theluji ikae juu kama kwa jirani. Nitafunga kamba ya kushikilia kutoka mlango wa nyuma mpaka sauna ya uani. Nitamwaga mchanga njia nzima. Na kila Jumamosi, Mzee, nitakushika mkono mwenyewe, twende hatua zote arobaini, na ukianguka tutaanguka wote! Chumba cha juu ni chako mpaka ukichoke wewe. Wewe, si mtu mwingine!"

Nikaishiwa pumzi. Nikagundua nimesimama juu ya benchi.

Mzee Onni, kwa mshtuko, akachota kata nzima na kuimwaga juu ya mawe. Psssss!

"Haya," Bi Lempi akasema ndani ya ukungu. "Mwenye nyumba amefika."

Mvuke ulipotawanyika nilimtafuta dada yangu kwa macho. Alikuwa amevua kofia. Alikuwa ameketi kwenye benchi la chini, karibu na miguu ya Mzee Onni, uso ameuficha kwenye glavu, mabega yanamtetemeka.

Nimemliza, nikawaza. Mara ya kwanza maishani nimesema hapana, na nimemliza dada yangu.

Nikashuka, nikapiga magoti mbele yake.

"Dada. Nisamehe. Sikutaka kukupigia kelele."

Akaondoa glavu. Alikuwa analia, ndiyo. Lakini pia alikuwa anacheka.

"Miezi mitatu," akasema.

"Miezi mitatu nini?"

"Miezi mitatu nakwambia tuuze, nawe unaniambia sawa. Nakuuliza unasemaje, unasema sawa tu. Usiku ule nilikata simu nikajiambia, basi, hata nyumba ya bibi hataki tuwe nayo pamoja. Hanitaki."

"Sikutaki vipi? Wewe ndiye uliyesema tuuze!"

"Ili ukatae, Saima!"

"Ningejuaje?"

"Nami ningejuaje?"

Bi Lempi akapangusa jasho kwa ncha ya skafu yake. "Ukoo wa Haapala," akasema. "Bibi yenu aliposwa mara nne kwa sababu kila mara alijibu kwa kuzungumzia hali ya hewa."

Mzee Onni akakohoa kicheko. Nikacheka. Senja akacheka, akanivuta, tukakumbatiana na makoti yetu mazito kama dubu wawili, na kwa nusu dakika nzima nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote katika ufuko huu wa Ziwa Superior. Nyumba haiuzwi. Mzee Onni haendi popote. Nimesema hapana na dunia haikuanguka.

Kisha Senja akaniachia. Akajifuta pua. Akanyoosha mgongo, kama anavyofanya mtu anayejiandaa kuruka maji ya baridi.

"Basi na mimi niseme," akasema. "Bila kuzunguka."

"Sema, dada. Sema chochote."

Alimtazama Mzee Onni, akanitazama mimi, na safari hii hakuuliza nasemaje.

"Sikuja kwa ajili ya Heikki. Kazi nimeacha, Detroit nimeaga, na vitu vyangu vyote viko kwenye gari hapo nje. Nimerudi nyumbani, Saima. Nataka kuishi hapa. Nataka chumba chetu cha utotoni, kile cha juu."